Droo ya Mchana Kweupe

Januari 2012 kitabu kiitwacho Real Marriage kilishika namba moja katika orodha ya vitabu vya ushauri ya gazeti la The New York Times. Waandishi wake walikuwa Mark Driscoll, mchungaji wa kanisa la Mars Hill mjini Seattle, Marekani, na mkewe Grace. Kileleni kilikaa wiki moja tu, lakini wiki moja inatosha. Tangu hapo mwandishi anaweza kujiita wa namba moja mpaka anaingia kaburini. Machi 2014 jarida la World likauanika mkataba uliokifikisha kitabu hicho kileleni. Kanisa lilikuwa limeilipa kampuni ya ResultSource dola 25,000 za ujira, na juu yake fedha za kununulia vitabu vyenyewe, jumla ikawa dola 210,000 hivi. Nakala 11,000 zilipangwa kununuliwa, na 6,000 kati yake zilitakiwa zionekane kama zimeagizwa na wateja mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, ili wahesabu mauzo wasishtuke. Driscoll aliomba radhi na kutaka sifa ile ya namba moja iondolewe. Oktoba mwaka huohuo akajiuzulu, akiwa ameandamwa pia na malalamiko mengine juu ya namna alivyoongoza, na kufikia mwisho wa mwaka mtandao mzima wa makanisa yake ukavunjwa.

Kingekuwa kitabu cha mapishi, wasomaji wangenung'unika siku mbili kisha wakarudi jikoni. Anayeandika au kufundisha kuhusu tabia njema hana nafuu hiyo. Jinsi anavyokitangaza kitabu husomwa kabla ya ukurasa wa kwanza, na husomwa na watu wengi kuliko watakaokinunua.

Sisi huku hatuna orodha ya New York ya kuchakachua. Tuna kitu kidogo zaidi ambacho kila mwenye simu anakiweza: kugawa nakala za bure mtandaoni. Laiki ukurasa, tagi marafiki watatu, shea kwenye stori yako, washindi watano watatangazwa Ijumaa saa mbili usiku. Hakuna mwandishi anayechipukia Dar es Salaam au Nairobi ambaye hajashauriwa kufanya hivyo, na ushauri wenyewe si mbaya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga; lakini wahenga hawakuwahi kuchapa nakala elfu moja wakazihifadhi uvunguni mwa kitanda. Nje ya miji mikubwa maduka ya vitabu ni ya kutafuta kwa tochi. Kitabu cha mwandishi asiyejulikana hushindana mfukoni na bando, nauli na kilo ya mchele, na mara nyingi hushindwa. Nakala chache zikiwafikia watu wanaosoma na kusimulia walichosoma, kitabu huanza kutembea chenyewe.

Goodreads, mtandao wa wasomaji ulionunuliwa na Amazon mwaka 2013, umegeuza jambo hili kuwa biashara kamili. Tangu Januari 2018 mchapishaji hulipa dola 119 kwa droo ya kawaida au 599 kwa ile kubwa, na hiyo ni mbali na gharama za vitabu vyenyewe. Ukiuliza analipia nini hasa, jibu limefichwa katika utaratibu wa kujiandikisha: kila anayeingia kwenye droo, kitabu hicho huwekwa moja kwa moja katika rafu yake ya vitabu anavyotaka kusoma. Mshindi hupata nakala. Walioshindwa ndio soko, maana kitabu kimebaki mbele ya macho yao.

Hapo ndipo waandishi wetu wengi wanapopotea. Hupanga kila kitu kwa kumfikiria mshindi: picha yake akiwa ameshika kitabu, shukrani zake, tabasamu. Tuseme wameingia watu mia nne na nakala ni tano. Watu mia tatu tisini na tano wataondoka mikono mitupu, na kila mmoja ataondoka na maoni yake kuhusu mwandishi. Ikiwa kitabu kinahusu kiongozi anayestahili kuaminiwa, wale waliokosa ndio majaji wake.

Mfano mmoja niuweke mezani. Mwaka 2014 kampuni ya Whitaker House ilitoa The Power of Character in Leadership cha Myles Munroe, mhubiri wa Bahamas. Hoja yake inajulikana kwa waliomsikiliza: viongozi wengi hawaangushwi na upungufu wa vipaji wala wa maono, huangushwa na tabia. Tarehe 9 Novemba mwaka huo ndege yake iligonga kreni ya kiwanda cha meli karibu na uwanja wa Freeport, akiwa njiani kwenda kwenye mkutano wa uongozi aliouandaa mwenyewe. Walikufa wote tisa waliokuwemo, mkewe Ruth akiwa mmoja wao. Tangu hapo vitabu vya Munroe vinabebwa na wachapishaji wake na wasomaji wake, na kwetu wasomaji hao ni wengi: vijana wa makanisa, vikundi vya vyuoni, watoa mada za motisha. Vitabu vyake utavikuta vimetandazwa kando ya barabara katikati ya jiji, ubavuni mwa vile vya Robert Kiyosaki.

Utavikuta pia kwenye magrupu ya WhatsApp kama mafaili ya PDF, na anayerusha huweka emoji ya mikono miwili iliyokutana kwa maombi, kisha anaandika "Mbarikiwe, tukue kiuongozi." Kitabu kinachofundisha uaminifu kimeibwa, kikagawiwa kwa nia njema, kikapokelewa kwa shukrani. Sijui kama Munroe angecheka au angelia. Kuna waandishi walioruhusu kazi zao zisambazwe bure. Paulo Coelho alieleza mjini Munich mwaka 2008 kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiwaelekeza wasomaji kwenye nakala za bure za vitabu vyake mtandaoni, na kwamba mauzo yake Urusi yalipanda kwa sababu hiyo. Lakini Coelho aligawa cha kwake. Grupu la vijana linalotaka kutangaza kitabu cha Munroe, au cha mwandishi yeyote aliye hai au marehemu, linunue nakala halali hata kama ni mbili, lizigawe hizo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 haina kifungu cha msamaha kwa wenye nia njema.

Sasa masharti ya kushiriki. "Tagi marafiki watatu" limekuwa kama salamu, na wachache wanajua kwamba Facebook yenyewe inalikataza. Kanuni zake zinasema kurasa binafsi za watu na urafiki wao visitumike kuendeshea promosheni: huruhusiwi kumwambia mtu ashee kwenye ukurasa wake ili aingie kwenye droo, wala atagi rafiki ili aongezewe nafasi. Zinataka pia uandike wazi kwamba Facebook haihusiki na promosheni yako. Kuhusu "laiki kwanza ndipo ushiriki", Facebook ililipiga marufuku tangu Novemba 2014, kwa hoja kwamba laiki iwe ya mtu anayependa kweli. Kampuni inayoishi kwa matangazo iliona kwamba laiki ya kununuliwa kwa zawadi ni tupu. Mwandishi wa kitabu cha uadilifu akibaki nyuma ya Facebook katika jambo la uadilifu, hiyo ni habari mbaya.

Marekani walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliiandikia kampuni ya viatu ya Cole Haan kuhusu shindano la Pinterest ambamo washiriki waliweka picha za viatu vyake wakiwania dola 1,000 za manunuzi. Tume ilisema picha zile ni sifa zilizotolewa kwa matumaini ya zawadi, na anayeziona ana haki ya kulijua hilo. Hashitagi peke yake haikutosha kumwambia. Hakuna aliyeadhibiwa, lakini kanuni ilikuwa imetamkwa. Mtu akisifia kitabu chako ili apate nakala, sifa ile ina bei, na bei hiyo isifichwe.

Jambo hili linatugusa kuliko tunavyokubali. Fungua promosheni yoyote ya kitabu cha uongozi usome komenti. "Mkuu umetisha." "Kiongozi wa viongozi." "Baba, nchi hii inakuhitaji." Aliyeandika bado hajasoma hata jalada la nyuma. Kama mshindi anachaguliwa na mwandishi mwenyewe kutoka kwenye rundo hilo, kila mtu atajifunza upesi kinacholipa, na wiki ya pili mwandishi atakuwa amefuga chawa, wale wapambe ambao sura ya tatu ya kitabu chake pengine inaonya dhidi yao.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuuliza swali linalotoka ndani ya kitabu. Chukua Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kumbukumbu za Ali Hassan Mwinyi zilizotolewa na Mkuki na Nyota. Kilizinduliwa Mei 8, 2021, siku alipotimiza miaka 96, na Rais Samia Suluhu Hassan akamkabidhi gari la Mercedes Benz; uzinduzi nadra ambapo mwandishi ndiye aliyeondoka na zawadi. Mwinyi anakumbukwa kwa mengi, lakini kwa anayefundisha tabia ya kiongozi hakuna tukio linalopita la miaka ya 1970, alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Si yeye aliyewatesa. Alikuwa waziri, akawajibika, na mwaka 1985 akawa Rais wa Tanzania.

Kutoka hapo unapata swali lisilojibiwa kwa emoji: taja mtu uliyemwona akiwajibika kwa kosa ambalo hakulitenda yeye, ueleze kwa sentensi tatu. Wawindaji wa zawadi, wale wenye akaunti zisizo na picha wala jina la maana, watapita mbali maana swali linawachosha. Watakaojibu watakuwa wachache, nawe usihuzunike. Mmoja ataandika habari za mwalimu mkuu, mwingine za mweka hazina wa kikoba, mwingine za kondakta. Hata asiyeshinda atakuwa amesoma visa vya wenzake na kubishana navyo, na hayo mabishano ndiyo mambo ya kitabu chenyewe. Majibu yahukumiwe na watu wawili wasiokuwa na undugu na mwandishi, bila kuonyeshwa majina. Linabaki shindano la kazi ya akili, si la bahati, na tofauti hiyo ina uzito mbele ya sheria.

Kwa maana ukisema "mshindi atapatikana kwa droo", umeingia kwenye eneo lenye mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na Bodi inayoisimamia. Ndiyo maana kampuni za simu na benki zinapochezesha droo za wateja wao, pembeni ya meza utamwona ofisa wa Bodi ameketi akishuhudia. Mwandishi mwenye nakala tano atasema hilo ni la wakubwa. Huenda hakuna atakayemfuata kwa nakala tano. Lakini kwenda kuuliza kabla hakugharimu zaidi ya nauli na nusu siku, na mwandishi wa kitabu kuhusu viongozi wanaokwepa sheria ndogo kwa sababu hakuna anayeangalia hawezi kujitetea kwamba hakuna aliyekuwa akiangalia.

Kama mwandishi ni mwanasiasa, mambo huwa mazito zaidi, na hapa historia yetu ina somo ambalo vitabu vya masoko vya ng'ambo havina. Mwaka 2000 Bunge lilibadilisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu takrima, ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura, ilimradi ufanywe kwa nia njema. Pilau, kanga, chumvi, soda za kikao: vyote vilipata mlango wa kupitia. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na asasi nyingine mbili wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 Mahakama ikatamka kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba. Moja ya hoja ilikuwa kwamba mgombea maskini hana cha kukirimu, kwa hiyo uwanja haulingani. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Kitabu si pilau, atasema mbunge, kitabu ni elimu. Nakubali ni elimu. Lakini miezi sita kabla ya kura za maoni, nakala mia mbili zenye picha yake jaladani, zikigawiwa bure kwa wajumbe wa kata moja moja, hazitofautiani sana na kanga yenye picha yake. Ushauri wangu kwa mwenye cheo au anayekinyemelea ni mfupi: mwaka wa uchaguzi kitabu kiuzwe, kisigawiwe. Akishikwa na hamu ya kugawa, agawe kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, ambako msomaji wa chama chochote atakiazima.

Turudi kwa mwandishi wa kawaida aliyeamua kuchezesha droo na amekwisha kuuliza panapohusika. Watu wanadhani uaminifu wa droo umo moyoni mwa anayeichezesha. Haumo. Umo katika mambo yanayoonekana. Saa ya kufunga itangazwe tangu mwanzo na isisogezwe hata kama washiriki ni wachache. Majina yote yapewe namba na orodha iwekwe hadharani kabla ya kuchagua, ili anayekosa jina lake alalamike mapema. Ndugu wa mwandishi, wafanyakazi wake na wa mchapishaji wasishiriki. Shemeji akishinda kwa bahati ya kweli kabisa, hakuna duniani atakayeamini. Namba ichaguliwe laivu, mara moja. Wengi hutumia Random.org, tovuti iliyoanzishwa mwaka 1998 na Mads Haahr wa Trinity College ya Dublin, ambayo huchota namba zake kutoka kelele za redio za angani. Ni chombo kizuri, ila picha ya skrini haithibitishi kitu, kwa sababu mtu anaweza kubonyeza mara ishirini mpaka limtokee jina analolitaka kisha akapiga picha ya mara ya ishirini. Vikaratasi ndani ya bakuli, mbele ya kamera isiyokatwa, vikichotwa na mtu asiyehusika, vina heshima zaidi kuliko teknolojia iliyofanyiwa kazi chumbani.

Usiku wa matokeo, wezi nao huwa kazini. Ndani ya saa moja baada ya majina kutangazwa huzuka akaunti yenye jina na picha ya mwandishi, imeongezwa nukta au herufi moja, ikiwatumia washindi ujumbe wa faragha: hongera, umeshinda, tuma elfu tano ya kusafirishia kitabu. Taifa lililokwisha kuzoea utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" lingepaswa kuwa na kinga, lakini furaha ya kushinda huilegeza kinga hiyo. Kwa hiyo tangazo la kwanza kabisa liseme kwamba mshindi hatalipa chochote na kwamba atatafutwa na akaunti moja tu, itajwe kwa jina. Kisha ahadi hiyo itimizwe. Nimeona promosheni nyingi zinazomalizia na herufi ndogo: mshindi atagharamia usafiri. Huyo hakushinda kitabu, ameuziwa kwa mlango wa nyuma. Kifurushi cha basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hadi Sumbawanga kina gharama, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kuamua idadi ya nakala. Afadhali washindi watatu waliofikishiwa kuliko kumi wanaoulizana kwenye komenti mwezi mzima kama kuna aliyepokea.

Namba za simu za washindi nazo zina mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na haisemi kwamba aliyekupa namba ili umtumie kitabu amekupa ruhusa ya kumwingiza kwenye grupu la semina zako za kila Jumamosi. Vitabu vikishafika, futa.

Linabaki suala la maoni ya wasomaji. Amazon ilipopiga marufuku Oktoba 2016 maoni yaliyotolewa kwa kubadilishana na bidhaa za bure, iliviacha vitabu, kwa kuwa kugawa nakala za awali ni desturi ya zamani ya wachapishaji. Lakini sharti lilibaki kwamba mpokeaji asilazimishwe kuandika, na akiandika asipangiwe la kusema. Utaratibu huo unatufaa hata tusiokuwa Amazon. Mwombe mshindi aandike akipenda, aseme kwamba nakala alipewa, na aseme anachofikiri. Mmoja kati ya watano pengine ataandika kwamba sura ya pili inachosha na mifano yote ni ya wanaume. Kidole kitawasha kuifuta komenti hiyo. Iachwe hapohapo, na mwandishi ajibu chini yake kwa jina lake mwenyewe: amwambie ni ukurasa upi una mfano wa mwanamke, au kama haupo, akiri haupo na kwamba chapa ya pili itautafuta.